Kitabu Kimeshinda Tuzo, Nawe Ushinde

Una kazi, una watoto, una kikoba kila Jumamosi, tena una kiwanja Moshono ambacho msingi wake umeshaota nyasi. Muda wa kusoma riwaya ya kurasa mia tatu utautoa wapi? Hata hivyo ungependa watu wakikutaja waseme, "Yule? Yule ni msomaji." Hamu hiyo si dhambi. Kila mtu mjini anatamani aheshimiwe kwa jambo ambalo hajalifanya, na vitabu ndiyo njia rahisi kuliko zote. Ukisema umepanda Mlima Meru, mita 4,566, utaombwa picha. Ukisema umesoma riwaya, nani atakuomba nini?

Tena vitabu vyenye tuzo ndivyo rahisi zaidi, kwa kuwa kuna majaji waliokwisha kuvisoma kwa niaba yako. Wao walikesha, wewe ulilala, na uamuzi wao ni mali ya umma. Tazama madalali wa mawe pale mjini: wanapanga bei ya tanzanite bila kukanyaga shimo hata moja la Mirerani. Mwanaapolo anashuka chini na tochi, dalali anasimama juani na kujua thamani. Wewe ni dalali wa fasihi. Simama juani, nikuelekeze.

Hatua ya 1: Kariri washindi, vitabu viache

Orodha ni fupi, inaandikika kiganjani. Anza na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwaka 2021. Huyo ni lazima. Bila yeye hujaingia uwanjani. Mfuatishe M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi akakulia Dar es Salaam: Tuzo ya Giller ya Kanada mara mbili, 1994 na 2003. Ongeza kwamba mwaka 1994 ndipo tuzo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza, kisha nyamaza, uache meza izima.

Kwa Kenya, weka Binyavanga Wainaina na Yvonne Adhiambo Owuor, waliotwaa Tuzo ya Caine mwaka 2002 na 2003, wakipokezana. Weka na Idza Luhumyo, tuzo hiyohiyo, 2022. Kwa Uganda, Monica Arac de Nyeko, 2007. Malizia na marehemu Ken Walibora na Tuzo zake za Jomo Kenyatta, ili ujulikane kuwa Kiswahili hujakisahau.

Hao ni saba. Usiongeze. Mtu anayejua majina saba ni msomi. Anayejua sabini ni mtu wa kukwepwa harusini.

Hatua ya 2: Taja fedha mapema

Arusha ni mji wa bei. Hapa watu wanajua bei ya jiwe, ya ng'ombe, ya hema la kambi porini na ya eka moja Usa River. Ukiwaambia riwaya fulani inachunguza upweke wa uhamisho, watatazama simu. Waambie Nobel ya mwaka 2021 ilikuwa kronor milioni 10 za Sweden, zaidi ya dola milioni moja, na simu zitageuzwa chini.

Kwa vitabu vya Kiswahili, taja Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Jumla ya zawadi zake ni dola 15,000. Hapo inua kidole na uonyeshe paa la nyumba mlimokaa. Eleza kwamba wadhamini ni watengeneza mabati: Mabati Rolling Mills ya Kenya na ALAF ya Dar es Salaam. Sema, "Kwa hiyo sote tuliojenga tumechangia fasihi." Wenye nyumba watajisikia vizuri, na mtu akijisikia vizuri hakuhoji. Wapangaji watanyamaza wenyewe.

Kisha shuka kwa shilingi. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, tarehe 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza wa kila kundi, shilingi milioni 10. Tahadhari moja: usipitilize ukaanza kumsifu Mwalimu kama mwandishi. Mtu atakukumbusha kwamba alitafsiri *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi* huku akiongoza nchi, na kisingizio chako cha kukosa muda kitabaki uchi.

Hatua ya 3: Nunua kitabu kimoja, kisha kizeeshe

Huhitaji rafu. Rafu ikijaa, wageni huanza kuazima, na anayeazima kitabu huja na hatari ya kutaka kukijadili. Kimoja kinatosha, ila kiwe kimechoka. Kitabu kipya humsaliti mwenye nacho.

Kipinde mgongo mpaka ulie. Kunja pembe za kurasa tatu, zote katika theluthi ya mwisho. Ukikunja ukurasa wa 12 umejitangaza mvivu. Kidondoshee tone la kahawa. Vumbi usihangaike nalo, mji utakupa bure. Mwisho, chukua penseli, pigia mstari sentensi yoyote ndefu, na pembeni andika neno moja: "Hapana!" Anayekubaliana na kitabu huenda hajakisoma. Anayekibishia, nani atathubutu kumshuku?

Sasa, kitabu gani? Hapa pana mtego, usikilize kwa makini. Riwaya ya Gurnah iitwayo *Paradise* ilitoka mwaka 1994 na kuingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Inamhusu Yusuf, kijana anayechukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake, kisha anasafiri na msafara kwenda bara, miaka ya Wajerumani, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni habari ya pwani yetu na bara yetu, lakini kwa miaka 28 iliweza kukaa mezani kwako kwa amani kabisa, maana ilikuwa kwa Kiingereza. Hakuna shangazi ambaye angeifungua.

Mwaka 2022 amani hiyo ikavunjika. Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili, Mkuki na Nyota wakaichapa kwa jina la *Peponi*. Kitabu hicho ni cha hatari. Dada wa kazi atakisoma. Mlinzi atakisoma usiku. Mtoto wa kidato cha pili atakuuliza mezani mwisho wake una maana gani. Mimi nakushauri nakala ya Kiingereza, jalada gumu, uiweke juu ya kabati la vyombo.

Hatua ya 4: Chagua mahali pa kuonekana

Kusoma ni kazi ya faragha. Kuonekana unasoma ni kazi ya hadhara, nayo ina ramani yake. Usikae Soko Kuu, utagongwa na mkokoteni. Usijaribu kwenye kifodi cha Ngaramtoni, konda atakuambia kitabu kinachukua nafasi ya abiria. Kaa karibu na Mnara wa Saa, sehemu zinazouza kahawa kwa bei ya chakula cha mchana. Hapo wanapita watu wa utalii, wa mahakama, wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa mikutano ya AICC, yaani watu ambao maoni yao yanakuhusu.

Geuza ukurasa kila baada ya dakika mbili. Kila baada ya kurasa tano, inua macho, tazama mlima kama mtu aliyeumizwa na wazo, kisha tikisa kichwa. Kama Meru imefunikwa na wingu, tazama ulipo hivyohivyo. Msomaji hasa hajali hali ya hewa.

Chalii wako akipita na kuuliza, "Unasoma nini, mzee?", usimjibu mara moja. Funga kitabu polepole, kidole kikiwa ndani. Kidole ndani ya kitabu kina ushawishi kuliko uchambuzi wa kurasa kumi.

Hatua ya 5: Tumia majina ya vitabu badala ya methali

Waandishi wetu wamekusaidia sana bila kujua. Wanaweka nusu ya hekima kwenye jalada, bure, kwa yeyote anayepita dirishani mwa duka. Itumie.

Mtu anayekudai kwenye kikoba akikukazia macho, vuta pumzi useme, "Ndiyo maana Zainab Alwi Baharoon akaandika *Mungu Hakopeshwi*, na majaji wa Safal-Cornell wakampa ushindi." Deni litabaki palepale, lakini utakuwa umelijibu kwa fasihi. Kijana wa jirani aliyepotelea Dar akichelewa kurudi kwa sikukuu, mwambie mama yake kuna diwani ya Dotto Rangimoto, *Mwanangu Rudi Nyumbani*, iliyoshinda tuzo hiyohiyo. Mama atafarijika, nawe utaongezewa chai. Wapenzi wakigombana, taja *Penzi la Damu* ya Anna Samwel Manyanza, aliyekuwa miongoni mwa washindi wa kwanza kabisa, 2015. Aliyeko ugenini akipiga simu kulalamikia baridi, mpe *N'na Kwetu* ya Mohammed Khelef Ghassani, mshindi wa ushairi mwaka huohuo.

Kanuni ni moja: taja jina, taja mwandishi, taja tuzo, ondoka. Ukibaki, mtu atauliza, "Na ndani kunasemwa nini?"

Filamu nazo zina msaada wake. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi ilichapwa mwaka 1999, na Amil Shivji akaitengenezea filamu iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Itazame, halafu sema kwa huzuni, "Kitabu kilikuwa na mengi zaidi." Sentensi hiyo ni kweli kwa filamu zote duniani zilizotokana na vitabu. Hujadanganya hata kidogo.

Hatua ya 6: Ukibanwa, uliza kama ni wetu

Itatokea siku utakutana na mtu aliyesoma. Utamtambua upesi: hana haraka, na anataja wahusika kwa majina kama watu wa mtaani kwake. Usiogope. Kuna swali moja ambalo limeokoa wengi tangu Oktoba 2021. Liweke mezani kwa sauti ya mtu anayetafakari: "Lakini jamani, Gurnah ni Mtanzania kweli?"

Kisha egemea kiti. Mmoja atasema amezaliwa Zanzibar mwaka 1948, kwa hiyo ni wetu. Mwingine atasema aliondoka kijana, miaka ya baada ya Mapinduzi, akafundisha Chuo Kikuu cha Kent hadi kustaafu, kwa hiyo ni wa Waingereza. Wa tatu atauliza kwa nini hakuandika kwa Kiswahili. Wa nne, na daima yupo, atasema neno "uraia pacha". Likishatamkwa hilo, vitabu vimeondoka mezani na havirudi usiku huo. Watu watagombana mpaka nyama ipoe, na hakuna atakayekumbuka kwamba wewe ndiye uliyekuwa unaulizwa juu ya sura ya tatu.

Mbinu hii haichakai. Wengi wetu tulimjua mwandishi yule siku aliposhinda, na kuanzia jioni yake tukawa na msimamo mkali juu ya pasipoti yake. Kurasa zake zimesubiri kwa subira.

Kama mwenzako ni mkaidi na anarudi kwenye sura ya tatu, ruka kwa Vassanji. Katika riwaya yake ya mwaka 1994, *The Book of Secrets*, yuko mwenye duka anayeificha shajara ya Mwingereza kwa miaka mingi. Sema, "Huyo ndiye mhusika ninayemwelewa kuliko wote." Utakuwa umesema ukweli mtupu.

Hatua ya 7: Jipatie mshairi wa karibu

Kila mpenda vitabu anayejiheshimu ana mwandishi wa nyumbani kwao. Wewe wako yuko katikati ya mji, na maelfu wanaingia kwake wakiwa wamevaa jezi. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid umepewa jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, baadaye Waziri wa Sheria, aliyefariki mwaka 1964. Kabla ya hayo yote alikuwa mshairi. Kitabu chake, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kilitoka mwaka 1954, na mpaka leo watu wanaogombania vina na mizani wanakirejelea.

Habari hii itunze kwa ajili ya mapumziko ya mechi. Timu ikiwa imefungwa na wenzako wamenuna, sema taratibu, "Mnajua mmekalia jina la mshairi?" Ongeza kwamba huyu ndiye Waziri wa Sheria aliyetunga sheria za mashairi kabla hajakabidhiwa za nchi. Watakutazama kwa heshima mpya. Usisubiri kuulizwa beti. Kipindi cha pili kitaanza na kukuokoa.

Hatua ya 8: Mbinu hizi usipande nazo mlimani

Hadi hapa nimekupa njia za mkato. Sasa nikuonyeshe mahali ambapo njia imekatika.

Ukitoka mjini, ukapita Tengeru na Usa River, ukapinda kupanda kuelekea Leguruki na Ngare Nanyuki, funga mdomo. Huko kuna kitabu ambacho hakikuja na gauni wala hundi. Mwaka 1974 Tanzania Publishing House ilichapa *Blood on Our Land*, riwaya ya Ismael Mbise, mwana wa Meru, juu ya ardhi ya Wameru. Kabla yake, mwaka 1967, Kirilo Japhet na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda, walitoa *The Meru Land Case*. Vyote viwili vinazungumzia jambo moja: mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi wa kufuga ng'ombe. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kwenda kuwasilisha malalamiko ya watu wake.

Ukifika huko na kidole chako ndani ya kitabu, mzee mmoja aliyekaa chini ya mgomba atakuuliza swali dogo tu: ni nyumba za nani zilizochomwa? Hapo orodha ya washindi saba haitakusaidia. Huenda yeye hajawahi kuona jalada la Mbise, lakini habari yote anayo, na mvua ya siku ile, na jina la ng'ombe aliyepotea njiani. Wewe unajua tuzo bila kisa. Yeye anajua kisa bila tuzo. Mizani haikulalii.

Kwa hiyo fanya jambo ambalo halimo katika mbinu zangu nyingine. Mwamkie shikamoo, kaa, uliza, kisha sikiliza mpaka mwisho. Ukirudi mjini, simulia uliyoyasikia kana kwamba uliyasoma. Ni wizi, lakini angalau safari hii umeiba kitu chenye uzito. Na ukiulizwa kitabu kile kilipata tuzo gani, jibu, "Ardhi." Halafu badilisha mazungumzo haraka, maana hapo umekaribia sana kusema jambo la maana.

Hatua ya 9: Kubali kuwa mgeni rasmi

Ukizingatia haya kwa mwaka mmoja, matunda yataiva yenyewe. Barua itakuja: mwandishi kijana wa Kaloleni, au wa Sakina, anazindua kitabu chake cha kwanza, naye anakuomba wewe, mdau mkubwa wa fasihi, uwe mgeni rasmi. Kubali bila kusita. Kukataa kutaleta maswali.

Vaa suti au lubega, vyovyote, lakini chelewa dakika arobaini. Kata utepe kwa uangalifu kama unayefungua mgodi. Kiinue kitabu juu, jalada likielekea kamera, na usikifungue hata kidogo, kwa sababu picha ya mgeni rasmi aliyezama katika kusoma haipendezi magazetini. Tabiri kwamba mwandishi atafika mbali. Mtaje Gurnah, mtaje Shaaban Robert, yataje mabati. Ahidi kununua nakala kumi, na usiseme lini.

Kisha fikia kiini cha hotuba yako. Kunja uso, punguza sauti, na ulaumu vijana wa siku hizi kwa kutosoma. Sema wamemezwa na simu. Sema taifa lisilosoma limekufa. Ukumbi utalipuka kwa makofi, na wanaopiga kwa nguvu zaidi watakuwa wenzako wa safu ya mbele, ambao wamefuata mwongozo huuhuu kabla yako.

Maswali yakianza, uwe umeshainuka. Mgeni rasmi siku zote ana shughuli nyingine. Nakala ya bure utakayopewa mkabidhi dereva akushikie. Na ukimwona anaisoma kwenye foleni ya Sanawari, usimkataze. Mpe muda amalize, kisha mwombe akusimulie.